Kishikio cha rivolva ya .357: kabla hujanunua raba nene, pima mkono wako

Ndugu yangu, pole kwa huo mkono. Umesema una rivolva ya .357 Magnum yenye mtutu wa inchi 4, vishikio vyake ni mbao nyembamba, na ukifika risasi ya kumi na mbili fundo la gumba limevimba na kidole cha kati kimechubuka. Unauliza ununue raba ipi iliyo nene kuliko zote. Nami nilinunua raba nene kuliko zote, ikaniumiza miezi minne, ndiyo maana nakujibu kwa urefu.

Yangu ni ya fremu ya K, yaani saizi ya kati ya Smith & Wesson, uzito wake ni kilo moja hivi. Niliipata na mbao nyembamba kama zako. Muuzaji mmoja hapa mjini akanitolea kishikio cha raba kinene, akaniambia saizi ni moja na kinamfaa kila mtu. Siku ya kwanza kule kwenye uwanja wa shabaha wa Kirigiti nilipiga risasi sita za mwanzo nikafurahi, maana ulaini niliusikia kweli. Kufika ya ishirini fundo la gumba likaanza kuwaka. Jioni hiyo nilishindwa kufungua kifuniko cha chupa ya maji.

Nilidhani mkono wangu ni dhaifu. Kumbe shida ilikuwa urefu wa vidole. Vidole vyangu ni vifupi, na ile raba ilikuwa imeongeza unene mgongoni mwa mpini, kwa hivyo kidole cha shahada hakikufika kwenye triga vizuri. Bila kujua, nilikuwa nauzungusha mkono kidogo ili kidole kifike. Ukizungusha hivyo, mgongo wa bastola unahama kutoka kwenye panda ya mkono, pale gumba linapoachana na kidole cha shahada, unakuja kukaa juu ya fundo la gumba lenyewe. Panda ina nyama na nyuma yake kuna mfupa wa mkono mzima wa kubeba teke, yaani ile nguvu ya bastola kurudi nyuma inapopiga. Fundo la gumba halina kitu, ni mfupa na ngozi. Ukiligonga mara hamsini litavimba hata uweke godoro katikati.

Kwa hivyo anza na kipimo hiki nyumbani, hakigharimu hata shilingi. Fungua silinda, hakikisha matundu yote ni matupu, kisha hakikisha tena, na risasi zote ziwe chumba kingine. Shika bastola kwa mkono mmoja kama unavyoishika ukilenga, uielekeze upande salama, halafu uangalie kutoka juu. Mtutu unapaswa kuendelea kama mstari mmoja na mfupa wa mkono wako hadi kiwikoni. Kidole kikiwa kwenye triga na mstari bado umenyooka, kishikio ni saizi yako. Ukilazimika kuupindisha mkono ili kidole kifike, ni kinene mno. Kidole kikipita hadi fundo la pili na ncha za vidole vingine zikijichimbia kwenye kiganja, ni chembamba mno, na nadhani hapo ndipo ulipo wewe na hizo mbao zako.

Kuna jaribio jingine lililonifungua macho. Chukua chaki ya kawaida ya ubaoni, paka kishikio kizima, shika kwa nguvu kama unayetaka kupiga, kisha achia na utazame kiganja. Mimi niliona doa moja jeupe zito kwenye fundo la gumba, kubwa kama sarafu ya shilingi kumi, na jingine dogo chini ya kidole cha mwisho. Katikati ya kiganja hapakuwa na kitu, pakavu kabisa. Maana yake teke lote lilikuwa linapitia sarafu mbili. Baada ya kubadilisha kishikio nilirudia, na chaki ikaenea kuanzia pandani hadi kwenye nyama iliyo chini ya gumba, nyembamba na sawasawa. Hakuna maelezo ya muuzaji yatakayokushinda ukishaona hivyo.

Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaamini kishikio kinapunguza teke. Hakipunguzi. Nguvu ya bastola kurudi nyuma inatokana na uzito na kasi ya risasi, gesi ya baruti, na uzito wa bastola yenyewe. Kwa risasi ile ile, ukipunguza uzito wa bastola kwa nusu, nishati ya teke inakuwa mara mbili. Ndiyo maana zile rivolva ndogo za aloi nyepesi zisizofika gramu 350 zinatesa mkono na .357: ukizilinganisha na ya kilo 1.1, teke lake ni zaidi ya mara tatu. Kazi ya kishikio ni kuligawa teke hilo juu ya nyama nyingi iwezekanavyo na kulifikisha mahali penye mfupa wa kulibeba. Ulaini wa raba unasaidia pia, lakini umbo linatangulia.

Sasa kidole cha kati. Kinachokichubua ni nyuma ya kile chuma kinachozunguka triga. Rivolva nyingi za zamani zina pengo pale, kati ya chuma hicho na mbele ya mpini, na mbao nyembamba hazilizibi. Ukipiga, bastola inapanda na chuma kinashuka juu ya fundo la kidole cha kati kama rula ya mwalimu. Lile pengo lijazwe tu, basi. Kuna kipande kidogo cha alumini kiitwacho Tyler T-Grip kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo, na unabaki na mbao zako za asili. Vishikio vingi vya raba vya kampuni za Hogue na Pachmayr navyo vinajaza pengo hilo.

Kabla ya kununua chochote, jaribu kwa tyubu ya baiskeli. Nenda kwa fundi wa baiskeli mtaani kwako, mwombe kipande cha tyubu kuukuu, kioshe, kikate kama pete pana, ukivute juu ya mpini. Kwa pengo la mbele, finyanga plastisini ya watoto, uifunike na hiyo tyubu. Haipendezi macho, lakini kwa risasi ishirini utajua kama unahitaji unene mbele, nyuma, au pembeni. Mimi nilijua kwa siku moja kile ambacho raba ya bei haikuniambia kwa miezi minne: mbele nilihitaji kujazwa, nyuma nilihitaji pabaki chuma kitupu.

Hilo la nyuma lifikirie sana, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Vishikio vya raba ni vya aina mbili. Kuna vinavyofunika mgongo wa mpini na kuna vinavyouacha wazi. Vinavyofunika ni raha kwenye panda ya mkono, hasa kwa risasi nzito, lakini vinaisogeza triga mbali na kidole kwa milimita kadhaa. Mwenye vidole virefu anunue hivyo bila kusita. Mwenye vifupi kama mimi aache mgongo wazi, atafute unene pembeni, pale kiganja kinapojaa. Wewe hujasema vidole vyako vikoje, na hilo ndilo swali langu la kwanza kwako.

Vile vishikio vyenye mabonde ya vidole, mimi nimeviacha. Vidole vyako vikiangukia mabondeni ni vizuri mno. Visipoangukia, matuta yanakaa juu ya vidole badala ya katikati yake, na kila risasi inakukumbusha.

Mbao pia usizidharau. Mwishowe mimi nilirudi kwenye mbao. Nilichora umbo la mpini kwenye kadibodi, nikapima unene kwa kalipa, nikampelekea mchongaji mmoja wa soko la Gikomba, Nairobi, mzaliwa wa Wamunyu, kule Machakos kwenye wachongaji wengi, ambaye mikono yake inaujua mti kuliko mtu yeyote ninayemjua. Bastola haikutoka kwenye sefu, na hata wewe usithubutu kumpelekea fundi yeyote asiye na leseni. Nilikuwa namrudishia vipande, navijaribu nyumbani, naweka alama ya penseli panaponibana, kisha napeleka tena. Safari tano. Alinichongea mzaituni wa porini, umejaa pale kwenye kiganja na umebanwa shingoni karibu na triga. Nilimwomba asiweke nakshi zozote. Zile nakshi za miraba midogo yenye ncha zinashika vizuri mkono wenye jasho, lakini kwa teke zito zinakwaruza ngozi kama tupa. Mbao laini iliyopakwa mafuta ya kitani inateleza milimita moja hivi, na hiyo milimita inakupunguzia maumivu.

Lakini isizidi. Rivolva za mtindo wa kale kama Colt Single Action Army ya 1873 zina mpini uliopinda ili bastola izunguke mkononi ikipiga, kisha gumba lifikie nyundo na kutia mtambo tena. Kwenye rivolva ya kisasa unayopiga kwa kuvuta triga tu, kuzunguka huko kunakupotezea mshiko, mkono unapanda, na gumba linakatwa na kile kitasa cha kufungulia silinda. Ukiona kidonda kidogo hapo, shika juu zaidi, karibu na nyundo, na ukaze kidole cha mwisho na cha pete.

Kama bastola unaibeba chini ya shati, ujue raba inang'ang'ania nguo. Shati linapanda nayo na bastola inachungulia, jambo ambalo hutaki mjini. Mbao haina tabia hiyo.

Ukiagiza, taja fremu na umbo la kitako. Fremu za K na L za Smith & Wesson zina mpini wa saizi moja, ya J ni ndogo zaidi, na kitako cha mraba na cha mviringo havibadilishani. Ruger GP100 ina kijiti tu badala ya mpini kamili, kwa hivyo vishikio vya Smith & Wesson haviingii kwake. Kwa sababu ya Sura ya 114, sheria ya silaha za moto ya Kenya, chochote kinachogusa bastola nakiagiza kupitia muuzaji mwenye leseni, hata kama ni raba na skrubu. Na hiyo skrubu usiikaze kama nati ya gurudumu la matatu, mbao hupasuka.

Wakati mkono unapona, piga .38 Special, risasi zenye teke jepesi. Rivolva ya .357 inazila bila shida, ila ya .38 haili .357 kamwe. Ganda la .38 ni fupi, kwa hivyo linaacha pete ya masizi ndani ya matundu ya silinda. Yasugue kwa brashi kabla ya kurudi kwenye .357, la sivyo maganda yatakwama. Mimi hadi leo napiga .38 arobaini kwa kila .357 kumi.

Nitumie vipimo viwili: kutoka pandani hadi ncha ya kidole cha shahada, na picha ya kiganja baada ya chaki. Na kama gumba bado limevimba siku ya tatu, au vidole vinakufa ganzi usiku, iache bastola ndani ya sefu, uende kwa daktari kwanza. Kishikio tutakitafuta ukirudi.