Kabla hujalipia mtoto wa Doberman, uliza bibi yake yuko wapi

Radi, Doberman wangu wa kwanza, alikufa mbele ya macho yangu mwaka 2018, saa 1 asubuhi, kwenye uwanja wa wazi wa mazoezi kule Nala, Dodoma. Alikuwa na miaka 4 na miezi 7. Msaidizi wetu alikuwa amevaa mkono wa kinga, ule mnene uliofunikwa gunia, na Radi akaruka akaung'ata kwa mdomo mzima kama kawaida yake. Nikamwambia "Achia!" akaachia. Akageuka kunitazama, masikio yamesimama, anangoja mpira wake. Hapo hapo miguu ya nyuma ikalegea, akaanguka ubavu kwenye vumbi. Nilipomfikia ufizi wake ulikuwa umeshakuwa mweupe kama chaki. Nilimkandamiza kifua mpaka mikono ikafa ganzi, lakini hakurudi.

Siku hiyo hiyo maneno yalianza. Wengine walisema amelishwa sumu na majirani, wengine wakasema nimerogwa. Daktari wa mifugo aliyempasua aliniita nikasogea mezani, akanionyesha moyo wenyewe: mkubwa kupita kiasi, kuta zake nyembamba, umelegea kama mfuko ulioachwa na maji. Akaniambia, "Hakuna sumu hapa. Huu ugonjwa alikuwa nao muda mrefu, na huenda amerithi." Mbwa ambaye wiki ile ile alikuwa amekimbia nami bila kuhema vibaya, hajawahi kukohoa, anakula sufuria yake na kulamba mpaka inang'aa.

Ndiyo sababu ninaandika. Vijana wengi hapa Dodoma sasa wanapenda mafunzo ya mbwa wa ulinzi kama mchezo: kufuata harufu ya nyayo, utii, na kung'ata kwa amri. Kila mwezi sikosi mtu wa kunitumia picha ya kitoto cha Doberman akiuliza, "Kaka, huyu vipi?" Nami siwezi kujibu kwa picha. Hata ningemshika mkononi nisingeweza.

Ugonjwa wenyewe ni wa misuli ya moyo kudhoofika na moyo kutanuka. Mbwa wa aina nyingine pia huupata, lakini Doberman umemkalia hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010, uliofanywa Ulaya kwa mbwa zaidi ya 400 wa aina hii, ulikadiria kwamba zaidi ya nusu yao huupata katika maisha yao, asilimia 58. Isome tena namba hiyo kabla hujatoa pesa. Na ubaya wake ni kwamba hukaa kimya. Mbwa anaweza kuwa nao miaka kadhaa anaruka, anang'ata, anashinda, huku mapigo yake yameanza kuvurugika ndani kwa ndani. Wengine huanza kukohoa, kuchoka na kujaa maji. Wengine dalili yao ya kwanza ni kuanguka kama Radi.

Kosa langu na Radi lilikuwa la kawaida kabisa. Nilichagua mtoto. Nilikaa kwenye banda la muuzaji saa nzima, nikatikisa kitambaa, nikaangusha sufuria nione nani atashtuka na kurudi haraka. Radi alikuwa wa kwanza kurudi, akaenda kuinusa ile sufuria. Nikalipa shilingi milioni 1 na nusu nikiwa na furaha. Baba yake alikuwa pale, mweusi, kifua kipana, ana miaka 2. Sikuuliza babu yuko wapi. Nilipompigia muuzaji baada ya msiba ndipo niliposikia, kwa kusitasita, kwamba babu "alikufa ghafla tu, labda joto".

Usiache kumpima kwa kitambaa na sufuria, maana mbwa asiyependa kucheza au anayejificha akisikia kishindo hatafaa uwanjani. Lakini kipimo hicho kinahusu kichwa. Moyo wa mtoto wa wiki 8 haukuambii lolote kuhusu ugonjwa huu. Daktari anaweza kuusikiliza akakuambia uko safi, na ukweli ni kwamba uko safi kwa siku ile. Doberman huanza kuchunguzwa rasmi akiwa na miaka 3, halafu kila mwaka maisha yake yote. Kwa hiyo unapochagua mtoto, unachagua wazazi na wazee wake, na hao ndio wa kuwapeleleza.

Vipimo vya kuomba ni viwili, na kimoja hakitoshi bila kingine. Cha kwanza ni ultrasaundi ya moyo, inayoonyesha ukubwa wa moyo na nguvu ya kusukuma damu. Cha pili ni Holta, kifaa kidogo kinachofungwa kifuani mwa mbwa kwa saa 24 na kurekodi kila pigo, usiku na mchana, akilala na akikimbia. Mashine yenyewe haitofautiani sana na ile wanayofungwa binadamu. Wanachotafuta ni mapigo ya ziada yanayotoka mahali pasipotakiwa. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa mifugo wa Ulaya wa mwaka 2017 unasema yakizidi 300 kwa siku, mbwa ni mgonjwa. Yakiwa kati ya 50 na 300 ni ya kushuku, na yakirudi hivyo tena ndani ya mwaka mmoja, naye anahesabiwa mgonjwa. Kwa nini vyote viwili? Kwa sababu kuna mbwa ambaye mapigo yamevurugika na moyo bado una ukubwa wa kawaida, na kuna ambaye moyo umeshatanuka huku mapigo yametulia.

Muuzaji akikuonyesha karatasi, kitu cha kwanza kusoma ni tarehe. Majibu safi ya mbwa mwenye miaka 2 hayana uzito, kwa kuwa ugonjwa huu huwakuta wengi katika umri wa kati. Mimi siku hizi sitaki hata kusikia habari za dume wa miaka 2 aliyeanza kuzalisha. Nataka dume aliyepita miaka 6 na Holta yake ya mwaka huu ni safi. Atakuwa na mvi mdomoni, hatapendeza kwenye picha, lakini ndiye anayenipa matumaini.

Kuna na wale wanaokuja na cheti cha vinasaba. Vipo vipimo vya jeni mbili zilizogunduliwa kwa mbwa wa Marekani, na vina faida yake. Lakini mbwa wengi wasio na kasoro kwenye jeni hizo wameugua, na mojawapo ilipochunguzwa kwa mbwa wa Ulaya haikuonyesha uhusiano na ugonjwa. Nikiletewa cheti hicho peke yake, bila Holta wala ultrasaundi, huwa naaga.

Mbwa wangu wa pili nilimtafuta karibu miaka 2. Nilipiga simu nyingi sana. Swali langu la kwanza kwa kila mfugaji lilikuwa lile lile: bibi mzaa mama yuko wapi leo? Nilijifunza kusikiliza ule ukimya baada ya swali. Wengine walikasirika. Mmoja aliniuliza kama nanunua mbwa au naoa. Kisha nikampata mama mmoja Nairobi. Nilipouliza, hakusita hata kidogo: "Bibi yuko hapa miguuni pangu, kaka, ana miaka 7. Ngoja nikutumie majibu ya vipimo vyake na ya dada zake, maana mmoja tulimpoteza." Akaniambia huyo dada alivyokufa, akiwa na umri gani, na kwa nini hakuzalisha tena kwa dume aliyemzaa. Nililipa siku ile. Mtu anayekueleza msiba wa mbwa wake bila kuulizwa, huyo ndiye wa kununua kwake.

Tukamwita Mvua, kwa sababu alifika Desemba 2020 siku ambayo mvua ya kwanza ya maana ilinyesha Ihumwa.

Kama moyo wako uko kwa Rottweiler au Boxer, habari ni tofauti kidogo. Rottweiler husumbuliwa na njia ya damu kuwa nyembamba chini ya vali kubwa ya moyo, jambo ambalo mbwa huzaliwa nalo. Hapo daktari anaposikiliza kwa makini anaweza kusikia mvumo, ila unaweza kukua mwaka wa kwanza, kwa hiyo asikilizwe tena akishafikisha miezi 12. Boxer ana huo pamoja na ugonjwa wake wa mapigo, na yeye pia ni wa Holta. Na kama shida yako ni kulinda nyumba Ilazo au Kisasa usiku, ndugu yangu, huhitaji hata mmoja wa hawa. Mjomba wangu Mvumi ana mbwa wa kienyeji anayelinda mbuzi, ana miaka zaidi ya 12, na mwizi hapiti.

Ukishampata wako, usimkimbilie uwanjani. Kwa kanuni za kimataifa mbwa haruhusiwi kufanya mtihani wa ulinzi wa ngazi ya kwanza kabla ya miezi 18, na joto la hapa kwetu lina sheria zake: mbwa mweusi saa 4 asubuhi mwezi wa 10 ni mateso. Sisi tunamaliza kabla ya saa 2. Usiku akilala, hesabu pumzi zake dakika moja nzima. Mbwa mzima mara nyingi hazidi 30. Mvua huwa kwenye 16 mpaka 20, na ninaandika kwenye daftari.

Watu huniuliza kupima kuna faida gani kama hakuna dawa ya kuponya. Ipo faida. Utafiti wa mwaka 2012 uliwapa Doberman walio kwenye hatua ile ya kimya dawa iitwayo pimobendani, na muda wa kati mpaka moyo kushindwa au kifo cha ghafla ulikuwa siku 718, dhidi ya 441 kwa wasiopewa. Siku 277. Mimi ningezilipia kwa chochote kwa ajili ya Radi.

Mwezi uliopita yule mama wa Nairobi alinipigia. Bibi amekufa kwa uvimbe wa bandama, miaka 12. Nikampa pole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kaka, kuna lingine. Dada yake Mvua amepimwa, mapigo ya ziada 140. Nimemtoa kwenye uzazi. Nimeona nikuambie leo leo." Mvua alikuwa apimwe Juni. Nimeshaongea na daktari, tunampeleka wiki ijayo, na mkono wa kinga nimeutundika ukutani mpaka majibu yatoke.