Ukitaka kuelewa kesi za usalama wa taifa za Marekani, anza na zilizotokea kwetu

Kila mara Kongresi ya Marekani inapovutana kuhusu mamlaka ya mashirika ya ujasusi, simu yangu haipumui. Mimi ni wakili wa kawaida hapa Dar, kazi yangu kubwa ni mirathi na migogoro ya viwanja. Ila ndugu na jamaa wanajua kwamba jioni nasoma hukumu za mahakama za Marekani kama wenzangu wanavyofuatilia Ligi Kuu ya England. Basi wananitumia vichwa vya habari: mahakama imepiga marufuku hiki, jaji amemzuia rais kufanya kile. Ukifungua uamuzi wenyewe, mara nyingi unakuta habari nyingine kabisa. Haya ndiyo ninayowaambia vijana wa sheria wanaokuja kujifunza kazi ofisini kwangu, na naona si vibaya kuyaandika.

Usianzie kwenye maandishi ya sheria. FISA, sheria yao ya ujasusi ya mwaka 1978, imerekebishwa mara nyingi kiasi kwamba utaiacha ukurasa wa tatu. Anza na kesi iliyotokea mahali unapopajua, nasi tunazo. Tarehe 7 Agosti 1998 balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam zililipuliwa, wakafa watu 224, wengi wao Wakenya. Kesi zilizofuata zilisikilizwa New York, na zimebeba sehemu kubwa ya hoja zinazobishaniwa mpaka leo.

Ya kwanza ninayompa kijana ni rufaa ya Wadih El-Hage, mmoja wa waliotiwa hatiani katika kesi hizo, iliyoamuliwa Novemba 2008. Huyu alikuwa raia wa Marekani aliyeishi Nairobi na familia yake. Kuanzia Agosti 1996 hadi Agosti 1997 Wamarekani walisikiliza laini 5 za simu zilizohusishwa naye. Tarehe 21 Agosti 1997 wakaenda kupekua nyumba yake wakiwa na maafisa wa Kenya. Mwenyewe hakuwepo. Mkewe alionyeshwa hati ya Kenya ya kutafuta mali ya wizi, na walipomaliza, afisa wa Kenya akamwachia orodha ya vitu vilivyochukuliwa. Rudia hapo: mali ya wizi. Waliokuwa wakiwindwa ni al-Qaeda. Hati ya mahakama ya Marekani haikuwepo, si kwa simu wala kwa nyumba. Kilichokuwepo ni idhini ya Mwanasheria Mkuu wa Marekani, iliyotolewa Aprili 1997.

Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Pili, inayosikiliza rufaa za New York, ilisema hivi: raia akiwa ng'ambo, Marekebisho ya Nne ya Katiba, yale yanayomkinga mtu dhidi ya upekuzi holela, yanamfuata. Sharti la hati ndilo halimfuati. Linalobaki ni kupima kama upekuzi ulikuwa wa haki na kiasi kwa mazingira yake, na mahakama ikaona ulikuwa. Sababu mojawapo ni kwamba hati ya jaji wa New York haina nguvu yoyote Nairobi. Hoja hiyo inavutia ukiisoma mara ya kwanza, lakini mimi hainikai. Ni kweli hati ile isingemfunga polisi wa Kenya, ila ingewafunga maafisa wa Marekani wenyewe, na hao ndio Katiba yao inawahusu. Kijana akishaipinga au kuitetea hoja hiyo kwa maneno yake, najua ameingia kwenye somo.

Kutoka hapo unabaki na maswali mawili ya kubeba kwenye kila kesi: ilitokea wapi, na mhusika ni nani kisheria.

El-Hage alikuwa raia. Sasa mtoe, uweke asiye raia, yaani mimi na wewe. Mwaka 1990, katika kesi ya Verdugo-Urquidez, Mmexico ambaye nyumba zake za Mexico zilipekuliwa na maafisa wa Marekani, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Marekebisho ya Nne hayamkingi mgeni asiye na mahusiano ya hiari na nchi hiyo, kwa mali yake iliyoko nje. Juu ya msingi huo ndipo kinaposimama Kifungu cha 702, kilichopitishwa 2008. Kinairuhusu serikali kumlenga mtu asiye raia wala mkaazi wa kudumu, aliyeko nje ya Marekani, kwa ajili ya taarifa za ujasusi wa nje, na kuzilazimisha kampuni za mawasiliano za Marekani kutoa mawasiliano yake. Hakuna hati ya mtu mmoja mmoja. Mahakama maalumu inayokaa faragha hupitia na kuidhinisha taratibu za jumla, kwa kawaida mara moja kwa mwaka. Takwimu za serikali yao zinataja walengwa zaidi ya 268,000 kwa mwaka 2023.

Mjadala wenyewe uko hapa. Chukua mfano: dada yuko Mombasa, kaka yuko Minneapolis na ana uraia wa Marekani. Dada akiwa mlengwa, barua pepe za kaka kwake zinaingia kwenye hazina ileile. Je, FBI watafute jina la kaka humo bila hati? Tarehe 12 Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipigia kura pendekezo la kudai hati. Kura zikawa 212 kwa 212, pendekezo likaanguka, na kifungu kikaongezewa miaka 2. Angalia ni haki ya nani iliyokuwa mezani. Kuhusu dada, kura ile haikuwa na neno hata moja. Ndiyo maana nikiulizwa kama "sisi" tumeshinda au tumeshindwa huko, huwa nauliza kwanza, sisi yupi?

Jambo la pili: soma mwisho wa uamuzi kabla ya kushangilia mwanzo wake. Agron Hasbajrami, Mualbania aliyekuwa akiishi Brooklyn, alikamatwa 2011 uwanja wa ndege wa JFK, New York. Januari 2025 uliwekwa wazi uamuzi wa Jaji LaShann DeArcy Hall katika kesi yake, kwamba utafutaji wa aina ile ya FBI uliomhusu ulihitaji hati. Kikundi chetu cha WhatsApp kiliwaka. Nikawaandikia: shukeni chini mpaka amri. Ombi la kuutupa ushahidi lilikataliwa, kwa kuwa maafisa walihesabiwa kuwa walitenda kwa nia njema. Hoja ilishinda, mtu akashindwa. Katika kesi hizi utakutana na hali hiyo mara nyingi, na vyombo vya habari vitakupa nusu ya juu tu.

Kinyume chake ni Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari. Alikamatwa Pakistan 2004, akashikiliwa na CIA, akapelekwa Guantanamo, gereza la kijeshi la Marekani lililoko Cuba, 2006, kisha New York 2009. Jaji Lewis Kaplan alimzuia shahidi mkuu, Mtanzania ambaye upande wa mashtaka ulisema ndiye aliyemuuzia baruti, kwa sababu serikali ilimjua shahidi huyo kupitia mahojiano ya mabavu aliyofanyiwa Ghailani. Baraza la wazee wa mahakama likamwachia katika makosa zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa moja. Kelele zikapigwa kwamba mahakama za kiraia ni dhaifu, na Kongresi ikafunga njia ya kuwahamishia wafungwa wengine wa Guantanamo Marekani kwenyewe. Lakini kosa lile moja lilimpa kifungo cha maisha Januari 2011. Washtakiwa wa Septemba 11 walisomewa mashtaka mbele ya tume ya kijeshi Mei 2012, na makubaliano ya watatu kati yao ya kukiri makosa, yaliyotiwa saini 2024, yalifutwa na waziri wa ulinzi siku mbili tu baada ya kutangazwa. Mwaka 2025 mahakama ya rufani ikamuunga mkono. Udhaifu uko upande gani, pima mwenyewe.

Mwisho ni la kila siku. Mpwa wangu anayesoma Boston alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba, wakiniomba nywila ya simu pale uwanjani nifanyeje?" Nilimjibu kwa maswali yale mawili. Wapi: Boston iko chini ya uamuzi wa mahakama ya rufani wa 2021 katika kesi ya Alasaad, unaosema afisa anaweza kuipitia simu kwa mkono bila shaka yoyote dhidi yako. Ungeshukia JFK, jaji mmoja wa Brooklyn alisema Julai 2024 kwamba hati inahitajika, ila uamuzi wake hauwabani majaji wengine. Nani: raia akikataa simu inaweza kuzuiliwa, lakini yeye ataingia. Mwenye viza ya masomo anaweza kurudishwa. Kwa hiyo akiombwa, aamue akijua hilo. Mwongozo wa forodha ya Marekani wa Januari 2018 unataka simu iwe haijaunganishwa na mtandao wakati wa upekuzi, basi aizime mtandao kabla hajafika dirishani. Na nyaraka za shangazi yake, zile za kesi ya kiwanja tunayoisimamia, nikamwambia azitoe kwenye simu kabla hajapanda ndege. Au zikibaki, aseme mapema kwamba ni za wakili na mteja, maana mwongozo huohuo una utaratibu wake kwa hizo.