Lipu ya chokaa kwa ukuta wa matumbawe: kuibandua na kuipiga upya

Lipu iliyofura karibu na sakafu ni ugonjwa wa kawaida wa nyumba za mawe za Lamu, na dawa ya haraka, mfuko wa simiti na fundi wa siku moja, ndiyo inayouzidisha. Jiwe la tumbawe limejaa vitundu. Maji hupanda na chumvi kutoka ardhini, kisha hutafuta pa kutokea. Lipu ya chokaa huyaachia yakauke kupitia kwayo. Simiti huyafungia, basi yanapanda juu zaidi na kutokea pale simiti inapoishia, huku chumvi ikijikusanya nyuma yake hadi bamba zima linabanduka pamoja na uso wa jiwe. Rangi ya mafuta hufanya yaleyale, ila polepole.

Kabla ya kununua chochote, jua maji yanatoka wapi. Unyevu unaofika magotini au kiunoni na kuzunguka chumba kizima unatoka ardhini. Doa moja upande wa choo au chini ya tangi ni bomba, au sakafu ya bafu. Doa linaloanza juu, penye ncha za boriti, ni paa. Hapo choma boriti kwa bisibisi, na ikizama bila kusukumwa sana, acha lipu na uite fundi wa dari. Kiraka cha ndani unaweza kukipiga mwenyewe. Lakini mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, kwa hiyo ukitaka kugusa uso wa nje, daka (ukumbi wa mlangoni) au baraza, pitia kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, zenye nakshi usizifanyie majaribio.

Vifaa si vingi: tindo, nyundo ya kilo moja, brashi ngumu, mwiko, ubao wa kulainishia, ubao mnyoofu wa mita moja, chekeche la nyavu la milimita 5, karai, magunia. Miwani na glavu ni lazima. Chokaa huunguza ngozi, na ikiingia jichoni osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 papo hapo, kisha uende hospitali. Pimamaji iache tu: kuta hizi hazikujengwa zinyooke, na kiraka kilichonyooka kuliko ukuta wake hujitangaza.

Chokaa unayotaka ni ya ujenzi, ya mfuko wa kilo 25. Ile ya shamba ni jiwe lililosagwa tu, haitashika hata uisubiri mwaka. Mfuko uliokaa dukani na hewa ya bahari nao huenda umeshakufa. Chukua kijiko cha unga huo, ukitie matone ya ndimu: ukitoa povu jingi, usiununue. Mwaga unga ndani ya maji, si maji juu ya unga, koroga, acha angalau siku moja, na wiki ni bora. Mfuko mmoja hutoa karibu madebe mawili ya chokaa nzito.

Mchanga ndio unaowashinda wengi. Wa ufukweni una chumvi, na chumvi ndiyo adui unayemfukuza. Wa matuta ya Shela usiuguse kabisa, kwa sababu matuta hayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya visima vya Lamu. Isitoshe, chembe zake ni laini mno na zinalingana. Agiza mchanga wa bara wenye chembe kubwa na ndogo, uuchekeche. Tia kidogo kwenye gilasi ya maji, tikisa, uache utulie: tope la juu likizidi sehemu moja kwa kumi, uoshe. Hesabu na nauli ya punda kutoka gatini, maana mchanga ni mzito.

Kipimo ni debe 1 la chokaa iliyolowekwa kwa madebe 3 ya mchanga. Kwa mita 4 za mraba, lipu ya jumla ya milimita 25, andaa madebe 5 ya mchanga na debe 1 na theluthi mbili za chokaa, na uongeze kidogo kwa mashimo. Ponda na kukanda sana kabla ya kufikiria kuongeza maji. Kadiri unavyokanda ndivyo mchanganyiko unavyolainika wenyewe, na maji ya ziada ndiyo mama wa nyufa.

Bandua lipu mbovu hadi ufike kwenye jiwe, na upite sentimita 30 juu ya mstari wa unyevu. Shika tindo kwa kulaza. Ukiisimamisha utang'oa jiwe. Unga mweupe wa chumvi upangusie kwa brashi kavu na kuuzoa nje. Ukiuosha kwa maji unaurudisha ndani. Acha ukuta wazi kadiri unavyoweza kuvumilia, wiki kadhaa ikiwezekana.

Siku ya kazi, lowesha jiwe tangu jioni iliyotangulia na tena asubuhi, liwe na unyevu lakini lisitiririke. Jiwe kavu hunyonya maji ya lipu, ikabaki unga. Jaza mashimo kwanza kwa vipande vya matumbawe na chokaa, yakauke. Kisha piga tabaka la milimita 10, ukiitupa kwa mwiko ishike badala ya kuipaka. Kwaruza mistari ya mshazari. Tabaka la pili linangoja mpaka kidole gumba hakiachi bonde lakini ukucha bado unachora, mara nyingi siku 5 hadi 7.

Hapo katikati ndipo kazi inapoharibika. Chokaa hukomaa kwa hewa na unyevu pamoja, si kwa kukauka. Jua la dirishani na upepo wa kaskazi vinaikausha kabla haijashika, ikapasuka nyufa ndogondogo. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, bila kuugusa, na unyunyize asubuhi na jioni. Nyufa zikitokea tabaka likiwa bichi, lowesha na ukandamize kwa ubao siku hiyohiyo.

Kupaka rangi ni rahisi zaidi. Chokaa ileile iongeze maji hadi iwe nyepesi kama maziwa, upake mara nne au tano, siku moja kati ya kila mkono, juu ya ukuta uliolowanishwa kidogo. Mkono wa kwanza hauonekani ukiwa mbichi, na hapo watu hutia mzito, ukaja kubanduka kwa maganda.

Chumvi iliyobaki ndani ya ukuta itaila lipu hii pia, miaka ikipita, kuanzia chini. Utaibandua sehemu hiyo na kuipiga upya, na jiwe litakuwa zima. Chokaa iliyosalia itie ndoo yenye kifuniko, maji yasimame sentimita 5 juu yake. Itakungoja miezi mingi, ikizidi kulainika.