Tumbo limekatwa, miguu je?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Miezi 14 sasa tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Nilikuwa na kilo 126, leo nina 84 na mshale wa mizani umegoma hapo. Nguo zinanipwaya, lakini nikipanda ngazi za ghorofa moja tu mapaja yanatetemeka. Mama mkwe anasema aliyekatwa tumbo asijichoshe, mshono utafumuka. Ni kweli?
Mshonaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mama mkwe anakuonea huruma, ila katazo hilo lilikuwa la wiki 4 hadi 6 za mwanzo, tena la kubeba vizito. Kutembea hakukatazwi hata wakati huo. Sisi wauguzi humwinua mgonjwa mapema kitandani ili damu isigande miguuni.

Kinachonishughulisha ni hayo mapaja. Kilo 42 zilizokutoka si mafuta matupu, na misuli imo. Chakula kikiwa kidogo na mwili haufanyishwi kazi, misuli huliwa. Ikipungua, mwili hutumia nguvu kidogo, na uzito hupata njia ya kurudi miaka inavyosonga.

Mizani haikuonyeshi hilo. Kiti chako cha cherehani kitakuonyesha. Kiegemeze ukutani, kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika, kaa taratibu. Nimewaona wengi wakikwama kwenye mara ya 4, kwa hiyo usivunjike moyo. Lenga 10, pumzika, rudia mpaka mizunguko 3, siku 2 au 3 kwa wiki.

Siku nyingine tembea, zitimie dakika 150 kwa wiki. Ukishasali alfajiri, jua halijakaza, zivuke barabara za Ngamiani moja baada ya nyingine kwa mwendo wa kuhema lakini bado unaweza kuongea. Buibui si kizuizi. Kandambili ndizo uziache nyumbani. Beba chupa ya maji unywe funda dogo dogo njiani, maana tumbo lako halipokei tena kopo zima kwa mkupuo, na joto la Tanga unalijua.

Kwenye sahani anza na samaki, yai au kunde, wali ufuate. Vidonge vya vitamini ni vya maisha, usiviache. Na usingoje: nenda kapimwe damu, madini ya chuma, vitamini B12 na vitamini D. Ukisikia ganzi miguuni, nenda siku hiyo hiyo.

Mama mkwe naye mwombe akae karibu na kiti, akuhesabie.