Hiyo "had" ifute kabla hujatuma barua

Ndugu, barua usiitume bado. Umeandika "I had completed my guide course in 2019", ukauliza kama iko sawa kwa sababu 2019 ni zamani. Andika "I completed". Basi.

Hili la kwamba "had" ni ya mambo ya zamani sana nililimezeshwa na mwalimu wa kozi ya jioni hapa Moshi. Hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo. Alijua sisi ni watu wa mlima, Kiingereza ndicho kinachotulisha, na bado akatukaririsha uongo akachukua ada.

Sikia kilichonipata. Usiku wa kwenda kileleni, karibu na Stella Point, ukingoni mwa kreta ya Kilimanjaro, mita 5,756, mgeni wangu akaanza kuyumba na kuongea maneno yasiyoeleweka. Nikakata shauri papo hapo: tunashuka. Tulikuwa tumeshashuka kama dakika kumi ndipo akaanguka. Tukambeba hadi kambi ya Barafu, akapona. Mimi kwenye ripoti nikaandika: "When the client had collapsed, we started to descend."

Unaona nilichokisema? Kwamba mgeni alianguka kwanza, ndipo nikakumbuka kumshusha! "Had" inakaa kwenye tukio lililotangulia, na mimi nimeipachika kwenye la pili. Ilitakiwa: "When the client collapsed, we had already started to descend." Watu wa bima yake wakasoma walichosoma, ofisi ikaniita, wapagazi wakahojiwa mmoja mmoja kama mashahidi. Julai mpaka Septemba sikupangiwa tripu hata moja, na ndiyo miezi ya kula. Nilikuwa nimefanya kazi yangu sawasawa, neno moja likanigeuza mzembe.

Kwa hiyo kabla ya kuandika "had", iseme kwa Kiswahili. Ikija "alikuwa ameshafanya", na kuna tukio jingine lililofuata, "had" inakwenda kwenye hilo lenye "sha". "Sha" ikigoma, iache: "alikuwa amelala" mara nyingi ni "was asleep" tu. Na hiyo yako, jaribu kumwambia mtu "nilikuwa nimeshamaliza kozi 2019" halafu unyamaze. Atakutazama akisubiri: ulikuwa umeshamaliza, ndipo ikawaje?

Ukishairekebisha ibandike hapa niipitie, kabla hujaipeleka Arusha.