Kabla hujamwaga maji ya kuoshea biodizeli

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupika biodizeli hapa Busia, yaani mafuta ya injini za dizeli yanayopikwa kwa mafuta ya mimea, kostiki soda na methanoli (aina ya spiriti), naanza na kosa langu. Mwaka wa kwanza nilikuwa naosha biodizeli ya kila pipa kwa maji mara tatu au nne, kisha maji nayamwaga nyuma ya karakana. Maji ya kwanza hutoka meupe kama maziwa, yamejaa sabuni, kostiki soda na methanoli. Baada ya miezi michache nyasi za mtaro zilikauka kuelekea kinamasi. Mama mmoja mwenye shamba huko chini aliniita, akanionyesha magimbi yake yaliyogeuka manjano, wala hakusema neno. Nami wakati huo nilikuwa nikimwambia kila dereva kwamba mafuta yangu hayachafui chochote.

Sifa za mafuta haya ni za kweli. Shirika la mazingira la Marekani lilikusanya vipimo vya injini nyingi mwaka 2002: dizeli iliyochanganywa na biodizeli ya soya asilimia 20 ilipunguza masizi kwa takriban asilimia 10, na biodizeli tupu ilikaribia kuyapunguza kwa nusu. Salfa karibu haimo. Yakimwagika, huoza haraka kuliko dizeli ya kawaida. Lakini vipimo hivyohivyo vilionyesha oksidi za nitrojeni zikipanda, asilimia 2 kwenye mchanganyiko na 10 kwenye mafuta matupu, na hewa hiyo inaumiza mapafu. Dereva akikuuliza, mwambie yote mawili. Mwambie pia kwamba lita ya biodizeli tupu ina nguvu pungufu kidogo, na kwamba mwanzoni itang'oa uchafu wa zamani kwenye tangi na kuziba filta.

Swali ninalotaka mlizoee ni hili: mafuta yametoka wapi? Sisi tunazunguka na jerikeni kwenye vibanda vya chipsi, tukikusanya mafuta yaliyokwisha kukaangia. Mafuta yale yangerudishwa kwenye karai mpaka yawe meusi, au yangemwagwa kwenye mfereji. Hakuna mti uliokatwa kwa ajili yetu. Mafuta ya michikichi ni jambo jingine. Kule Kalangala nchini Uganda, kwenye kisiwa cha Bugala, msitu ulifyekwa kupisha michikichi, na hiyo ni ya mafuta ya kula tu. Sasa fikiria malori nayo yaanze kuyanywa. Utafiti uliotoka katika jarida la Science mwaka 2008 ulikadiria kwamba msitu wa mvua wa Indonesia au Malaysia ukifyekwa kwa biodizeli ya michikichi, inachukua miaka 86 kulipa deni la kaboni, yaani kufidia hewa ya ukaa iliyotoka msitu ulipofyekwa, na kwenye ardhi ya kinamasi yenye mboji nene miaka zaidi ya 400. Mtaambiwa pia kwamba mbono kaburi (jatropha), mmea wenye mbegu za mafuta, humea popote. Humea, ndiyo, lakini ili uzae mbegu za kutosha unataka udongo mzuri na mvua, yaani shamba lilelile la mihogo.

Hata mafuta ya chipsi hayatuoshi mikono kabisa. Kila jerikeni la lita 20 linakula kama lita 4 za methanoli, na methanoli nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia. Ni sumu ya kupofusha macho, na mwali wake mchana hauonekani. Vaeni glavu, fungueni milango.

Sasa tazama chombo tulichopikia mafuta kikitulia usiku kucha. Asubuhi juu kuna biodizeli yenye rangi ya chai ya rangi, chini kuna tabaka zito jeusi kama molasi. Hiyo ni gliserini, karibu sehemu moja ya kumi ya uzito, na methanoli imejificha ndani yake. Tunaichemsha kwenye mtungi uliofungwa wenye bomba la kupozea ili methanoli irudi kazini, kisha tunapika sabuni ya kusafishia sakafu. Maji ya kuoshea yanakusanywa kwenye pipa la bluu karibu na mlango. Likijaa, msiliguse, njooni mniite.