Mlango wa Bering: pima 27 za maji zilizotikisa hali ya hewa

SWALI: Nimesoma kwamba Mlango wa Bering, kati ya Urusi na Alaska, ulichangia kubadilisha hali ya hewa ya dunia zamani. Kina chake ni mita 50 tu. Inawezekanaje? – Mvuvi, Tanga

JIBU: Kaka, uchache huo wa kina ndio siri yenyewe. Mita 50 ni kama pima 27. Bahari ikipwa zaidi ya hapo, njia imefungwa.

Leo mlango una upana wa kilomita 85 hivi, na maji ya Pasifiki yapatayo mita za ujazo milioni 1 hupita kila sekunde kuingia Aktiki, kisha Atlantiki. Usiangalie wingi, angalia chumvi. Kilo moja ya maji hayo ina gramu 32 hivi za chumvi. Ya Atlantiki ya kaskazini ina 35.

Jaribu nyumbani. Jaza bilauri maji ya bomba. Kwenye kikombe koroga maji na chumvi nyingi, tia rangi, kisha yamimine polepole ukingoni mwa bilauri. Utaona rangi inateremka hadi chini na kutulia huko. Karibu na Greenland, maji ya chumvi kutoka kusini yakishapoa huzama vivyo hivyo, na nafasi yake huchukuliwa na mengine yenye joto la tropiki; huo ndio mkondo wa Atlantiki. Maji ya Pasifiki, mepesi kwa uchache wa chumvi, yakitanda juu, kuzama kunapungua.

Enzi ya barafu, maji mengi yaliganda juu ya nchi kavu. Miaka 20,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa chini kwa takriban mita 120, na mlango ulikuwa mbuga ya majani. Mwaka 2010, mtafiti wa hali ya hewa Aixue Hu na wenzake walionyesha kwa kompyuta kilichofuata kila ulipofungwa: Atlantiki ilikolea chumvi, mkondo ukapata nguvu, joto likapanda kaskazini, barafu ikayeyuka. Bahari ikajaa, mlango ukafunguka, mkondo ukalegea, baridi ikarudi. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzito: barafu yenyewe ilikuwa ikifunga na kufungua mlango uliokuja kuiyeyusha au kuikuza. Chanzo cha enzi za barafu, hata hivyo, ni mabadiliko ya njia ya dunia kulizunguka jua.

Maji yaliufunika mlango tena miaka kama 11,000 iliyopita. Katikati yake vimebaki visiwa viwili vya Diomede, kimoja cha Urusi na kimoja cha Marekani, umbali wa kilomita 4 hivi. Wakati ule vilikuwa vilima tu, na mtu angetoka kimoja hadi kingine kwa miguu.